Mwaka ulioandikwa kifuani si umri wa fulana

Kaka mmoja alichomoa fulana nyeusi ya Martin Luther King Jr., yule mtetezi wa haki za Wamarekani weusi, kwenye enga, akaninyooshea kidole maandishi ya kifuani: Washington, 28 Agosti 1963. "Dada, hii ina miaka sitini kweli?" Nikamwambia haina. Nilitaka kuuza, ndiyo, lakini haina.

Tazama picha za siku ile, ya maandamano ya kudai haki ambayo King alihutubia. Watu zaidi ya 200,000 mbele ya jengo la kumbukumbu ya Lincoln, wanaume wengi wamepiga suti na tai kwenye joto la Agosti, kina mama magauni na kofia. Alama ya maandamano ilikuwa beji ndogo ya kubana kifuani. Vijana wa SNCC, ile jumuiya ya wanafunzi, walijulikana kwa ovaroli za jinzi, vazi la wakulima weusi wa Kusini mwa Marekani waliokuwa wakiwasaidia kujiandikisha kupiga kura. Fulana tunazookota kwenye mabelo zilikuja baadaye. Sheria ya sikukuu ya King ilitiwa saini 1983, ikaadhimishwa kitaifa mara ya kwanza 20 Januari 1986, wachapaji wakapata kazi. Zenye herufi X kubwa nyingi ni za karibu 1992, ilipotoka filamu ya Spike Lee kuhusu Malcolm X, mwanaharakati mwingine wa Wamarekani weusi. Za yale maandamano ya "wanaume milioni", ya wanaume weusi huko huko Washington, zinaanzia Oktoba 1995.

Nikipokea fulana, nageuza kwanza pindo la chini na la mkono. Likiwa na mstari mmoja wa uzi, mara nyingi ilishonwa kabla ya katikati ya miaka ya 90. Mistari miwili sambamba, naanza kuwa na wasiwasi. Lebo ya shingoni nayo husema: ikiwa na anwani ya tovuti, usiniambie ni ya 1986. Mpasuko wa chapa siuamini peke yake, siku hizi hata kiwandani wanaupasua makusudi.

Kama umeokota yako sokoni Karume, ilete tuikague, hatutozi. Ya zamani kweli ifue kwa maji baridi ikiwa imegeuzwa nje ndani, na pasi isiguse chapa kabisa.

Ya yule kaka ilikuwa na tovuti kwenye lebo. Aliichukua hivyo hivyo, kwa bei ya fulana ya kawaida, akaivaa palepale.