Barua kwa mwanangu: hiyo 2G msituzimie kwanza

Zuhura mama, asalaam aleikum. Huku Tanga wote wazima, mvua tu ndo inatusumbua, Ngamiani matope matupu. Voisi yako ya 6G, huo mtandao mpya wa simu unaokuja, nimeisikiliza mara mbili, eti mwaka 2030 ndo wanaulenga na simu zitakuwa zinashika setilaiti moja kwa moja. Nikacheka, maana hiyo 5G yenyewe imeingia nchini 2022 na mie hapa soko la samaki la Deep Sea sijaiona kazi yake.

Sipingi mwanangu. Ila uliposema Singapore walishazima 2G, mtandao huu wa simu zetu za vitochi, tangu 2017 na Japani wakawatangulia, hapo ndo nikashtuka. Juzi mjomba'ko mashine ya chombo ilimzimikia nje ya kisiwa cha Karange, usiku, kusi linavuma, na lile lismatifoni lake la mbwembwe chaji kwisha. Kilichomuokoa ni kitochi cha baharia wake, kiko ndani ya mfuko wa nailoni, wakaandika meseji wakakipandisha juu ya mlingoti, ikagoma, wakashusha wakatuma tena, mara ya tatu kikanasa kamstari kamoja na mie nikaipata saa nane usiku: "mashine imezima tupo nje karange". Basi. Boti ikatoka kuwafata.

Si wewe ulonambia likizo kwamba masafa ya juu yanabeba mzigo mkubwa ila hayafiki mbali, hata ukuta yanashindwa, ya chini ndo yanasafiri? Sasa minara yenu ya kasi ya watu kuangalia mpira mjini, huko maji makuu atashika nani?

Na wachuuzi wangu hapa karibu wote wanalipana kwa vitochi hivyohivyo. (Ingawa simu nazo zimetumaliza sie madalali, ngalawa haijafika ufukweni vibua vishauzwa, mnada gani tena huo, tumebaki kushika kalkuleta.)

Ndo umuulize mwalimu wako vizuri, hiyo setilaiti ikija itakubali na kitochi au ndo tuambiwe tukanunue simu mpya? Ajibu yeye, usinijibu wewe kwa kukisia.

Hela ya fildi nimekutumia, na ya kutolea nimeweka humohumo. Mjomba'ko anakusalimu, kanunua kitochi chake jana, kakifunga nailoni kabla hata hajakiwasha.

Baba'ko