Mpangaji atachajia wapi gari la umeme?

Mhariri,

Mimi ni fundi umeme wa majumbani. Kila mjadala wa magari ya umeme ya bei nafuu huishia kwenye swali moja: kwa chaji moja linafika wapi? Kwa dereva wa kawaida, naona hilo si swali la kwanza; la kwanza ni atalichajia wapi.

Gari dogo la umeme hula takriban kilowati-saa (uniti za umeme) 15 kwa kilomita 100. Anayeendesha kilomita 50 kwa siku anahitaji kilowati-saa saba na nusu hivi. Soketi ya kawaida ya volti 230, ikitoa ampea 10, huzirudisha kwa muda wa saa nne hivi, mwenyewe amelala. Lakini waya uwe mnene wa kutosha na saketi iwe ya peke yake, isichangiwe na vifaa vingine! Nimeshaona soketi zilizoyeyuka kwa sababu ya nyaya za kuungaunga, na hilo linanitia hofu kuliko betri yenyewe.

Anayenunua lililotumika aikague betri kabla ya rangi. Magari ya umeme ya Nissan Leaf ya mwanzo, yaliyotoka 2010, hayakuwa na mfumo wa kuipoza betri kwa maji, na joto liliichosha mapema. Pale kwenye dashibodi yake kuna vijistari 12 vya uwezo wa betri, vihesabiwe: vikipungua, betri imechoka.

Kinachoniumiza ni wapangaji wa ghorofani. Hawana pa kuchomeka, na chaja za barabarani mara nyingi ni ghali kuliko umeme wa nyumbani. Naomba waandishi wenu wawaulize wenye majengo: mpangaji akitaka soketi ya gari kwa gharama yake, wataruhusu?

Fundi Umeme