Barua ya wazi kwa Afisa Elimu Mkoa wa Dodoma: tafiti zilizofanywa kwetu ziingie madarasani kwetu

Ndugu Afisa Elimu,

Salamu kutoka Kongwa. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili si la shule moja, na pia kwa sababu barua ikipita kwa mkuu wa shule, ikaenda kata, ikapanda wilaya, itakufikia mahindi ya msimu huu yameshauzwa Kibaigwa na kuliwa. Nafundisha Baiolojia katika sekondari ya kata. Ombi langu ni moja: mkoa uandae mkusanyo wa maarifa ya afya na magonjwa kutoka mtandaoni, uchaguliwe na walimu pamoja na wataalamu wa afya wa mkoa huu, ufunguke bila intaneti, na mwalimu apewe ruhusa ya maandishi kuutumia darasani.

Kwa nini nasisitiza wa mkoa huu? Madaktari wa macho wa dunia nzima wanaijua Wilaya ya Kongwa. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, na wenzao wa Tanzania, wamekuwa wakipita vijijini kwetu wakiwageuza watoto kope na kutafuta dalili za vikope, ugonjwa ambao vitabuni unaitwa trakoma. Bakteria wake huenezwa na vidole, na kanga inayofuta nyuso za watoto wote wa nyumba, na nzi wanaofuata matongotongo. Mtoto akiambukizwa tena na tena, makovu hubaki ndani ya kope, nywele zake hugeukia ndani, na kila anapopepesa zinakwaruza kioo cha jicho. Upofu unakuja ukubwani, na wanawake ndio wanaoumia zaidi kwa kuwa wao ndio wanaoshinda na watoto.

Mwaka 1995 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika vijiji sita vya wilaya hii. Vyote sita vilipewa dawa ya kupaka machoni. Vitatu, vilivyopatikana kwa bahati nasibu, viliongezewa kampeni ya kunawisha watoto nyuso. Baada ya mwaka mmoja trakoma kali ilikuwa adimu zaidi katika vijiji vilivyohamasishwa, na mtoto aliyedumu na uso safi alikuwa na nafuu kubwa kuliko mwenzake. Leo kunawa uso ni moja ya nguzo nne za mkakati wa Shirika la Afya Duniani dhidi ya trakoma, pamoja na upasuaji wa kope, antibiotiki na usafi wa mazingira.

Muhtasari wa utafiti huo unasomeka bure kwenye PubMed, hazina ya tafiti za tiba inayotunzwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Mwanafunzi wa udaktari wa Brazili anaweza kuusoma usiku huu akiwa kitandani. Mwanafunzi wangu, ambaye mama yake huenda alikuwa mmoja wa watoto wale, hajawahi kusikia kwamba uliwahi kufanyika.

Niliupeleka Kidato cha Pili, nikausoma kama ulivyo kisha nikaufafanua kwa Kiswahili. (Najua lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza. Ukitaka kuniandikia barua kwa hilo, anwani unayo.) Nilitegemea maswali kuhusu bakteria. Swali la kwanza lilitoka kwa binti anayekaa nyuma, ambaye kwa kawaida husema tu akiitwa jina: "Mwalimu, vile vijiji vitatu vingine vilikosa nini hata visihamasishwe?" Ndugu Afisa Elimu, mimi nilifika chuo kikuu bila kuuliza swali hilo. Kipindi chote kilichobaki tulijadili kwa nini mtafiti huhitaji kundi la kulinganisha, na kama ni haki kumnyima mtu kitu ambacho bado hujui kama kinasaidia. Darasa liligawanyika, na mpaka kengele inalia halikuwa limekubaliana.

Halafu likaja lile ambalo kila mtu wa Dodoma angelisema: maji yako wapi? Tukatoka nje na chupa ya lita moja na kibuyu chirizi. Kabla ya kuanza niliwataka wakadirie lita hiyo itanawisha nyuso ngapi. Wengi walisema nne, wachache wakasema saba. Tukaita watoto wa shule ya msingi jirani, wakapanga mstari, kila mmoja akapewa maji ya kiganja. Mstari ukaisha na maji yakabaki kwenye kibuyu. Mvulana mmoja akasema atakwenda kumwambia baba yake, kwa sababu nyumbani kwao baba ndiye anayeamua dumu litumike kwa nini. Hilo halimo katika andalio la somo langu lolote, wala halitatoka kwenye mtihani wa taifa wa NECTA.

Vikope si peke yake. Mwaka 2016 watu wa Chemba, Kondoa, na Kiteto kule Manyara walianza kuumwa tumbo, kutapika na macho kuwa ya njano. Mwanzoni uliitwa ugonjwa usiojulikana. Uchunguzi ukaonyesha ni sumukuvu, sumu ya fangasi anayeota kwenye mahindi yenye unyevu. Wagonjwa walikuwa 68, waliokufa 20, na ripoti ya kisayansi ilichapishwa mwaka 2018. Mwanafunzi wa Chemba anayesoma Kidato cha Nne leo alikuwa mtoto mdogo wakati majirani wanazikwa. Sidhani kama kuna somo la fangasi analoweza kulielewa haraka kuliko hilo. Sumukuvu haifi kwa kupika, ugali ulioiva vizuri bado unayo. Inapita hata kwenye maziwa ya ng'ombe aliyelishwa pumba mbovu.

Nilipofundisha hili niliuliza mahindi yaliyooza nyumbani yanakwenda wapi baada ya kuchambuliwa. Majibu yalikuja kwa furaha, kama watoto wanavyofurahi wanapojua jibu: kwa kuku, na kwenye pombe. Hakuna kitabu cha kiada kingenipa majibu hayo. Picha ya hindi lenye ukungu wa kijani, niliyoipata mtandaoni na kuikuza kwenye kioo, ndiyo iliyowafungua midomo.

Kuna pia Homa ya Bonde la Ufa ya mwaka 2007, iliyofuata mvua kubwa, ng'ombe na mbuzi wakitupa mimba, kisha watu wakaanza kuumwa, Dodoma ikiwemo. Waliodhaniwa kuugua nchini kote walikuwa 511, waliokufa 144. Niliandika ubaoni, wanafunzi wagawanye 144 kwa 511, kisha 20 kwa 68. Wakapata asilimia 28 na 29, na mmoja akatangaza kwamba magonjwa haya yana ukali sawa. Mwingine akampinga: walioumwa kidogo wakabaki nyumbani nani aliwahesabu? Hapo ndipo nilipotaka wafike, na sikuwafikisha mimi.

Huu ndio uzito wa barua yangu. Mtandao tayari unafundisha afya katika mkoa wako, kila siku, bila andalio la somo. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza hapa Dodoma, akiwa na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, kwamba virusi vya Marburg vimethibitika Kagera. Kesho yake wanafunzi walifika na ujumbe wa sauti uliosambazwa kwenye WhatsApp na mtu asiyejulikana, akishauri tangawizi, limau na kitunguu saumu, na kuonya watu wasiende hospitali. Simu shuleni ni marufuku, lakini simu ya mama na ya kaka hazijapigwa marufuku. Nilifungua ukurasa wa Shirika la Afya Duniani kuhusu Marburg, tukaweka maelezo mawili pamoja, tukauliza: nani anasema, alijuaje, amesema lini, na akikosea tutamshika wapi? Mlipuko ulitangazwa kumalizika tarehe 13 Machi. Yule mwenye tangawizi hakurudi kutoa taarifa.

Sasa kuhusu vikwazo. Baada ya Sensa ya 2022 Serikali ilitugawia walimu vishikwambi, na nasema bila kejeli kwamba lilikuwa jambo jema. Lakini bando ni la mfukoni mwangu, na mtandao hapa unashika vizuri ukisimama karibu na mnazi mmoja ambao hata sijui nani aliupanda Kongwa. Siku moja mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, aliwakuta wanafunzi wamekizunguka kishikwambi wakitazama nzi alivyo na miguu yenye vinyweleo. Akauliza zana hii imeidhinishwa na nani. Sikuwa na jibu, na katika taarifa yake akaandika kwamba wanafunzi walikutwa wakiangalia video. Simlaumu sana, yeye naye hana waraka wa kumwongoza. Ila tangu siku hiyo wenzangu wawili wamevirudisha vishikwambi vyao kabatini.

Siombi wanafunzi waruhusiwe simu. Nimeona simu zinavyofanya kazi bwenini, na sina hamu ya vita hiyo.

Teknolojia yenyewe si ya kuumiza kichwa. Ipo programu ya bure inayoitwa Kiwix, inayofungua Wikipedia bila mtandao; Wikipedia nzima ya Kiswahili inaingia kwenye memori kadi ndogo na nafasi inabaki. Picha nyingi za maktaba ya picha ya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, za minyoo, mbu na vidonda, hazina hakimiliki, zinaruhusiwa kunakiliwa na kugawiwa. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada na mimi naitumia. Ninachoomba kikae kando yake: kitabu kinaeleza trakoma, mkusanyo unaonyesha trakoma ya Kongwa.

Kuchagua ndiko kwenye kazi, na ndiyo maana siwezi kuifanya peke yangu. Vitu vingi vya afya mtandaoni vimetengenezwa kwa mtoto wa nchi nyingine. Video inamwambia anawe mikono kwa sekunde 20 chini ya bomba linalotiririka. Bomba lipi? Nyingine inamshauri amuulize daktari wa familia. Makala kadhaa za magonjwa kwenye Wikipedia ya Kiswahili ni mistari michache tu. Na tafiti kuhusu sisi mara nyingi zimefungiwa: muhtasari ni bure, makala kamili ni ya kulipia, hata pale ambapo macho yaliyochunguzwa ni ya watu wetu. Mimi hilo linanikera, nakiri, lakini kukereka hakufungui makala. Chuo Kikuu cha Dodoma kina shule ya udaktari na maktaba. Barua moja kutoka ofisini kwako inaweza kuwaomba wakutubu na wahadhiri watusaidie kupata makala hizo kihalali na kuziandika upya kwa Kiswahili ambacho mtoto wa miaka 14 anaelewa.

Ukikaa na Mganga Mkuu wa Mkoa, naomba mkae pia na watu wanaoshika kazi yenyewe: wauguzi wa macho wa hospitali ya Mvumi, maafisa ugani wanaopita na habari za sumukuvu, daktari wa mifugo mmoja kwa ajili ya Homa ya Bonde la Ufa, na walimu wachache wa Baiolojia kutoka kila wilaya. Shule za msingi zisisahaulike, maana vikope huwashika wadogo, na huko lugha haitakuwa kikwazo. Vituo vya walimu, ambavyo vingi siku hizi vimegeuka ghala la viti vibovu, vinaweza kuwa mahali pa kunakilia memori kadi kila muhula. Gharama yake haifikii posho ya semina moja ya hotelini, na unajua ni semina zipi ninazosema.

Kisha waraka. Ukurasa mmoja unatosha, wenye sahihi yako, unaosema mwalimu anaruhusiwa kutumia mkusanyo huo katika kipindi, na nakala iende kwa wathibiti ubora. Bila ukurasa huo hata mkusanyo mzuri utaishia kabatini pamoja na vile vishikwambi viwili.

Kama haiwezekani kuanza na yote, anza na sumukuvu. Watu huku wanavuna kuanzia mwezi wa Mei, na mahindi mengi yataanikwa chini kwenye udongo. Sehemu hiyo ikiwa tayari mwishoni mwa Aprili, watoto watakwenda nayo nyumbani kabla turubai halijatandikwa, au kabla ya kuamuliwa kwamba turubai si lazima. Likizo ya Aprili niko tayari kuja mjini kwa nauli yangu kufanya kazi hiyo, na najua wenzangu wa Mpwapwa na Bahi ambao watakuja wakiitwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Baiolojia,
Wilaya ya Kongwa