Kwa wajane wa usharika wetu, juma hili la Kupaa kwa Bwana Yesu mbinguni

Mabinti zangu na dada zangu, Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia mapema kwa sababu Alhamisi, siku yenyewe ya Kupaa, wengi wenu mtakuwa sokoni au shambani, na Jumapili ikifika mawazo yatakuwa kwenye Pentekoste. Krismasi tunashona sare, Pasaka tunakesha; Kupaa tunamwachia mchungaji na vikongwe wachache kama mimi.

Mmoja wenu aliniuliza matangani: "Mzee, kama Yesu naye alikwenda zake, mimi nimebaki na nani?" Swali hilo si lake peke yake.

Luka anasema Bwana aliwaongoza wanafunzi mpaka Bethania, akainua mikono akawabariki, na katika kuwabariki akajitenga nao, akachukuliwa juu mbinguni. Kisha wakarudi Yerusalemu "wenye furaha kuu." Nani kati yetu amewahi kumsindikiza mpendwa wake akarudi hivyo? Wale walijua anakokwenda, na walijua ni nani aliyekwenda. Mwili wake hakuuvua pale Bethania. Mikono iliyowabariki ni ile ile aliyomwonyesha Tomaso, na makovu yake. Basi kuumeni kwa Baba leo yupo aliyeligusa jeneza la kijana wa Naini na kumwambia mama yake mjane, "Usilie." Yupo aliyemtafutia mama yake pa kukaa akiwa angali msalabani. Binadamu tumezoea kumwona mtu akipata cheo anasahau alikotoka. Huyu hakusahau.

Wapo watakaowaambia kwamba kama Kristo anatawala na shemeji bado amechukua shamba, basi imani yenu ni haba. Msiwasikilize. Stefano, yule aliyeuawa kwa ajili ya imani yake, alizitazama mbingu zimefunguka, akamwona Mwana wa Adamu amesimama mkono wa kuume wa Mungu, na bado mawe yakarushwa. Akiwa anapigwa aliomba, "Bwana Yesu, pokea roho yangu." Hakuokolewa na mawe, lakini alijua anajikabidhi kwa nani.

Kwa hiyo ombeni, na kukicha mwende mahakamani mkafungue mirathi. Cheti cha kifo, cheti cha ndoa, muhtasari wa kikao cha ukoo: toeni nakala, mziweke kwa mtu mnayemwamini. Msitie sahihi karatasi msiyoisoma, hata kama aliyeileta ni shemeji mnayemheshimu. Kiti cha enzi kina mwenyewe, na shemeji siye.

Na usiku ule ambao usingizi umekata na hata sala haitoki, msijilaumu. Waebrania inasema "yu hai sikuzote ili awaombee." Haisemi awaombee wale tu wenye nguvu ya kuomba.

Anayeogopa kwenda mahakamani peke yake aniambie baada ya ibada. Nitamsindikiza mimi, au mke wangu, ambaye makarani wanamwogopa zaidi.

Wenu katika Bwana,
Mzee wa kanisa