Barua kwa vijana wa Mwanza: anzeni na mwalo wenu

Wajukuu zangu mnaosoma sekondari Ilemela, Nyamagana, Magu, Misungwi, Sengerema na Ukerewe, nawasalimu.

Mpelelezi Mwingereza, Speke, alifika kwenye ziwa letu la Victoria tarehe 3 Agosti 1858. Hilo mnalijua, mmeshalijibu kwenye mtihani. Haya, mwalo wenu, pale mitumbwi inaposhusha samaki, ulianza lini? Duka la kwanza lilikuwa la nani? Kabla ya sangara, mama zenu wakubwa walipanga samaki gani kwenye mafungu? Mkikosa jibu si uvivu wenu, halikuandikwa. Nataka mliandike ninyi, na nitawaeleza namna.

Chagueni kitu kidogo. "Historia ya Wasukuma" imewashinda wenye shahada, itawashinda na ninyi. Pantoni ya Kigongo–Busisi inatosha kabisa. Daraja la kilomita 3 lilifunguliwa Juni 2025, na foleni iliyolisha wauza samaki wa kukaanga, wauza maji na wapiga debe ikaisha. Watu hao wapo, wengine hawajafika miaka 40, nauli wanazikumbuka. Nani kasema lazima aulizwe mwenye mvi tu?

Au chukueni samaki. Sangara alipozidi ziwani miaka ya 1980, furu, wale samaki wadogo wa asili, wa aina nyingi sana walipotea. Wataalamu wana majina yao ya Kilatini. Ninyi tafuteni ya wavuvi wa Kayenze, Ukara na Ukerewe: aliitwaje, alikaa mwambani au topeni, alinaswa kwa mgono, yaani mtego wa kusuka, au kwa ndoana, nani hakuruhusiwa kumla. Nendeni alfajiri mitumbwi inaporudi, mkaulize mkiwa mmemshika samaki mwenyewe au picha yake. Jina lililotajwa hewani lina hatari: kijiji hiki kinaweza kumwita hivi samaki ambaye ng'ambo anaitwa vingine, nanyi mkaandika samaki wawili kumbe ni mmoja.

Sasa miaka, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mzee hatakupa mwaka, na akikupa usiupokee haraka. Kabla ya kutoka nyumbani andikeni kalenda ya matukio kwenye karatasi moja: reli kufika Mwanza, 1928, ziwa kupanda zaidi ya mita 2, kuanzia mwishoni mwa 1961 hadi 1964, utawala wa watemi kufutwa, 1963, Azimio la Arusha, 1967, kuhamia vijiji vya ujamaa, ambako sehemu nyingi za kwetu kulikuwa 1974, vita vya Kagera, 1978 na 1979, MV Bukoba kuzama, 21 Mei 1996. Kisha ulizeni hivi: "Bibi, hilo lilikuwa kabla hamjahamishwa au baada? Mgongoni ulikuwa na mtoto gani?" Akijibu kwamba maji yalipoingia kwenye mahindi alikuwa amembeba kifungua mimba wake, mwaka mmeshaubana. Ila ziwa lilifurika tena 2020, kwa hiyo kwa mtu wa makamo hakikisheni anasema mafuriko yapi.

Nendeni wawili au watatu, mmoja aulize, mwingine aandike. Piteni kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, hasa kama mtapima ukuta au kutazama makaburi, maana mwenye kamba ya kupimia hudhaniwa amekuja kwa ajili ya viwanja. Chukueni sukari kilo moja, muitoe mkiondoka. Pesa iliyotangulia humfanya mtu aseme anachodhani mnakitaka. Bibi muulizeni mbali na mumewe. Hata mume mpole humalizia sentensi za mkewe.

Simu iwekeni kwenye hali ya ndegeni isije ikapigwa katikati, muilaze juu ya kanga iliyokunjwa, nyuma ya ukuta. Upepo wa ziwani humeza sauti, na hamtajua mpaka mfike nyumbani. Mwanzoni semeni kwa sauti tarehe, mahali na jina la anayeongea, na kuomba kwenu ruhusa ya kurekodi kusikike. Saa moja inatosha. Kuiandika neno kwa neno kutawachukua muda wa saa 4 hadi 6. Mwacheni aseme Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kikara chake. Andikeni neno kama lilivyotoka, Kiswahili kifuate pembeni. Mkimlazimisha Kiswahili, atawapa maneno ya redioni.

Swali la "zamani maisha yalikuwaje?" likateni kabisa. Jibu lake ni moja kila nyumba: yalikuwa mazuri, watoto walikuwa na adabu. Ulizeni nyavu zilisukwa kwa kitu gani, nani alikaa mbele ya mtumbwi, pamba ilipimwa wapi na fedha ililipwa siku gani.

Kwa habari ya pamba, chunguzeni masanduku. Shirikisho la vyama vya ushirika vya pamba la Victoria, lililoongozwa na Paul Bomani, liliundwa 1955, na kuna nyumba ambazo bado zina risiti za chama cha msingi zilizokunjwa ndani ya kadi ya kliniki. Risiti ina bei, uzito na tarehe. Kumbukumbu ya bei hudanganya karibu kila mara. Ipigeni picha papo hapo uani, kivulini, bila mwanga wa simu, na kalamu kando yake ionyeshe ukubwa. Msiondoke nayo hata mkibembelezwa. Kaburi lenye maandishi yaliyofifia msilikwangue wala kulipaka chaki: mwagieni maji, mlitazame asubuhi jua likiwa la upande.

Wazee watatu wa ukoo mmoja wahesabuni shahidi mmoja. Mtafuteni wa ukoo wa pili, na wimbo wa mashindano ya Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, ukipatikana ni mali kubwa, kwa sababu mtunzi alimtaja mtu na kumcheka papo hapo, tukio likiwa bichi. Kasoro ya wimbo ni kwamba mtunzi alitaka kushinda, basi msiuamini peke yake. Mashahidi wakipingana, andikeni pande zote mbili, kila neno na mwenyewe. Ugomvi wa mashamba na habari za nani alimroga nani, majina yabaki kwenye daftari.

Maneno 800 yanatosha kwa mara ya kwanza. Anzeni na kitu chenyewe, si na "tangu enzi na enzi". Sauti na picha ziwekeni mahali pawili, kila faili likiwa na tarehe na jina la kijiji, maana simu za siku hizi huzama ziwani kuliko mitumbwi. Kabla ya kumwonyesha mtu yeyote, rudini mkamsomee aliyewasimulia. Atasahihisha majina, na mara nyingi hapo ndipo hukumbuka lile kubwa, kwa hiyo simu iwe tayari. Nakala moja ibaki maktaba ya shule, moja ofisi ya kijiji, moja mpelekeni makumbusho ya Bujora pale Kisesa, na moja ni ya mzee mwenyewe. Hiyo yake ichapeni kwa herufi kubwa.

Mzee wenu,
Kirumba, Mwanza