Dozi ya kifua kikuu isikatishwe

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wagonjwa wa kifua kikuu kwamba kikohozi kupungua baada ya wiki chache si kupona, kwani dozi ya kawaida huchukua miezi 6, na anayeikatisha huvipa vimelea vilivyobaki nafasi ya kuwa sugu.

Mkojo kugeuka rangi ya chungwa usimtishe mtu, maana ni rifampisini tu, mojawapo ya dawa za kifua kikuu. Nimewahi kumwona mgonjwa akitupa vidonge vyake kwa hofu hiyo, nami nilisikitika sana. Lakini macho yakiwa ya manjano, kutapika kusipokoma, au uoni ukififia, arudi kituo cha afya siku hiyohiyo, asingoje tarehe ya kliniki. Pombe aiache kabisa, kwa kuwa ini tayari limeelemewa na dawa.

Msomaji wenu