Barua ya wazi kwa vijana wangu wa mdahalo: waliridhiana juu ya mgongo wa nani?

Wanangu, salamu zenu nimezipokea, marahaba nyote. Jumamosi mlinikalisha kiti cha mbele na majaji wenzangu, nikanyamaza kwa sababu jaji habishani na wasemaji, ila nimerudi nyumbani usingizi haukuja. Mada ilikuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, majimbo ya Kaskazini yasiyo na utumwa dhidi ya ya Kusini yenye watumwa, na aliyeshinda akasema vita vile vilitokea kwa kuwa viongozi walikosa moyo wa maridhiano, ati wangekaa chini wakaelewana yasingefika kule, ukumbi mzima ukapiga makofi. Mi hapo ndo nikaumia.

Jamani, hawakukosa maridhiano! Waliridhiana miaka sabini na ushee. Mwaka 1787 wakiandika katiba walikubaliana watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu, si kwamba watumwa wapige kura, hapana, ni ili majimbo ya mabwana zao yapate viti vingi zaidi bungeni. Na kuleta watumwa kutoka Afrika wakakubaliana kusiguswe mpaka 1808. Mwaka 1820 wakaridhiana tena, jimbo la Missouri liingie kwenye muungano na watumwa wake, la Maine liingie bila, halafu wakachora mstari kwenye ramani, nyuzi 36 na dakika 30, kwamba kule magharibi juu ya mstari utumwa marufuku, chini yake ruksa. Mwaka 1836 Bunge likachoka hata na maombi ya raia waliopinga utumwa, likawa linayaweka kando bila kuyajadili mpaka 1844. Na muda wote huo waliofungwa minyororo walitoka kama laki saba mwaka 1790 wakafika karibu milioni nne mwaka 1860. Hayo ndo mavuno ya kuelewana kwao.

Sasa naomba mnisikilize kwenye yale maridhiano ya 1850 maana ndo yanayonichoma. Fundi wake alikuwa seneta Henry Clay, mwenyewe akimiliki watumwa, na seneta mwenzake Stephen Douglas akayasukuma yakapita. Kaskazini wakapata California huru na mnada wa watumwa ukafungwa pale Washington. Kusini wakapewa sheria ya kukamata watumwa watoro, na hiyo sheria someni vizuri, wanangu, msisome kichwa cha habari tu. Mtu akikamatwa anapelekwa kwa kamishna, haruhusiwi kujitetea kwa kinywa chake, hakuna baraza la wazee wa mahakama, na kamishna akiamua mtu arudishwe utumwani analipwa dola 10, akimwachia huru analipwa dola 5. Walisema ni kwa sababu makaratasi ya kumrudisha ni mengi zaidi. Makaratasi! Na ukimficha mtoro au ukimpa msaada, faini hadi dola 1,000 na jela hadi miezi sita.

Mwaka 1854 wakamkamata Anthony Burns huko Boston, kijana wa kama miaka ishirini, rika lenu kabisa, alikuwa ametoroka Virginia. Watu wakavamia mahakama kumwokoa wakashindwa, akasindikizwa na wanajeshi hadi melini mchana kweupe, mji mzima unaangalia. Baadaye waumini weusi wa Boston walichanga wakamnunua, akasoma, akawa mchungaji wa kanisa Kanada, akafa 1862. Huyo hakuna aliyemtaja Jumamosi, mkawataja maseneta tu.

Msidhani haya yako mbali na sisi. Merikani, zile nguo za pamba walizovaa babu zetu, zilikuwa zinaletwa Zanzibar na meli za bandari ya Salem huko Marekani, pamba yake imechumwa na mikono ya watumwa wa Kusini ikafumwa jimbo la Massachusetts na hao hao watu wa Kaskazini. Na sisi pia tulichorewa mstari, mkataba wa 1845 wa Sayyid Said na Waingereza ulikataza kuwavusha watumwa kwenda Arabuni lakini ukaacha biashara iendelee toka Kilwa hadi Lamu, soko la Unguja likafungwa 1873. Miaka 28 hiyo mtu anauzwa kwa mujibu wa makubaliano.

Kwetu tunasema funika kombe mwanaharamu apite, na tunalisema kwa fahari. Nilipokuwa mwalimu kijana, nyumba ya jirani binti wa kazi aliunguzwa mkono kwa pasi, wazee wakakaa, mwenye nyumba akatoa faini kidogo, ikasemwa yaishe, ujirani mwema. Mi ndo niliyeandika ile karatasi kwa mwandiko wangu mzuri. Yule binti alikuwa uani anaosha vyombo vyetu vya chai, hakuna aliyemwita aulizwe yeye kama yameisha. Faini alipewa baba yake. Nina miaka sabini na mbili na bado namwona.

Mengine mtayasoma wenyewe: 1854 mstari wa Missouri ukafutwa na Kansas ikawaka moto kwa mapigano juu ya utumwa, 1857 kesi ya mtumwa Dred Scott aliyedai uhuru wake mahakamani akanyimwa, Machi 1861 Bunge lao likapitisha pendekezo la kulinda utumwa ndani ya katiba kabisa, na Aprili mizinga ikalia kwenye ngome ya Fort Sumter, vita vikaanza hata hivo. Waliokufa walipita laki sita.

Nawe mwanangu uliyeshinda, sikukunyang'anya ushindi na sitaki uurudishe, sauti unayo na kichwa unacho. Ila mada yenu ijayo ni ugomvi wa wakulima na wafugaji, sasa kabla hamjaandika hoja hata moja nendeni mkawaulize wale akina mama ambao mashamba yao yameliwa na wale vijana wachungaji waliopigwa, wote. Mi nipo kibarazani kila siku baada ya alasiri, njooni na madaftari.